Yai Kwenye Karai la Baba

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu saluni, hapa mtaani kwetu Kalangalala, nywele zake zikalishwe protini maana zilikuwa zinakatika. Msusi akavunja yai, akaongeza parachichi na maziwa mgando, akaanza kupiga kwa uma. Harufu ile iliponifikia, nikainuka, nikaenda kusimama mlangoni. Unacheka? Cheka tu, lakini nisikilize kwanza.

Tulikuwa tunaishi Katoro, enzi zile baba anachimba dhahabu. Kutwa makarasha yalinguruma yakisaga mawe, vumbi likitua hadi kwenye ugali. Mimi nilinyolewa kipara cha shule. Mdogo wangu, miaka minne, alikuwa na nywele nyingi mno, ila kila akichanwa zilibaki kwenye kitana. Bibi alishatuambia kwamba nywele za hivyo zina njaa, zipewe yai na mgando.

Siku moja mama yuko sokoni, nikaiba mayai mawili kwa kuku. Bakuli la jikoni nililiogopa, maana mama angesikia shombo ya yai na ningechapwa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachukua karai la baba, nikalifuta kwa gauni. Nikakoroga, nikampaka mdogo wangu hadi kwenye ngozi ya kichwa. Uji ule wa mayai ulipomtiririkia mdomoni, akaulamba, akacheka. Nikacheka naye.

Jirani yetu muuza maandazi akaingia kuomba chumvi. Macho yake hayakwenda kwa mtoto, yalikwenda kwenye karai.

“Mayu wane, mama yangu! Hilo si karai la zebaki?”

Zebaki ni yale maji ya rangi ya fedha ambayo baba alikandia mchanga ili inase dhahabu. Tulikatazwa hata kuisogelea.

“Amelamba?”

“Hapana,” nikasema.

Sijui kwa nini nilidanganya. Jirani alimwosha kwa sabuni ya mche mpaka mtoto akalia, na mama aliporudi akachukua wembe akazinyoa nywele zote. Mimi nilichapwa, lakini fimbo haikuniuma. Nilichojua ni kwamba mdogo wangu ameimeza zebaki na atakufa, na mimi peke yangu najua. Wiki nzima sikutoka kucheza. Akikohoa, nakimbia. Akilala mchana, naweka sikio kifuani kwake. Akikataa uji, nambembeleza kijiko kwa kijiko.

Mwisho nilishindwa, nikamfuata baba nyuma ya nyumba. Alikuwa amechuchumaa, mikono mitupu imezama ndani ya karai lile lile, anakanda. Nikamwambia huku nalia kwamba mtoto alilamba.

Baba akanitazama, akacheka taratibu. “Mwanangu, mimi naishika kila siku. Umeniona nimekufa?”

Nilimwamini. Hofu yote ikanitoka, nikaenda kuruka kamba.

Leo mdogo wangu ni mzima, nywele zinamgusa mabega. Katoro ile imejaa maghorofa, na nyumba yetu haipo. Baba naye hayupo. Miaka yake ya mwisho mikono ilimtetemeka hata tukamnywesha chai kwa kijiko, na daktari wa kwanza kumpima aliuliza alikuwa akifanya kazi gani. Wiki nzima niliogopa mpaka nikakonda, na baba, aliyekuwa akikanda zebaki mbele ya macho yangu, sikumhofia hata siku moja.