Mvua ya Wakoli

Nabwile alikuwa na ng'ombe mmoja na mume mmoja, na kama angeulizwa ni yupi kati yao anayeifaa nyumba, asingechukua muda kujibu. Ng'ombe alitoa maziwa asubuhi na jioni. Mume alitoa Kiingereza.

Walikaa Kibomet, nje kidogo ya mji wa Kitale, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na paa la mabati. Ng'ombe alikuwa wa Nabwile mwenyewe. Mama yake alimpa akiwa bado mtamba, akaletwa kutoka Sirisia kwa lori mwaka ule alipozaliwa binti yao Wilkista. Maziwa yake yalikwenda mtaa wa Tuwan kwenye hoteli ya mama aitwaye Wangu, na ndiyo yaliyonunua unga, sabuni, sare za shule, na vitabu vya hadithi vya mumewe, Wakoli.

Wakoli aliangushwa na Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne, na aibu ile ikamganda. Wengi walianguka mwaka ule, wakalia siku mbili tatu, wakashika majembe. Yeye alisoma mahali, kwenye kipande cha gazeti, kwamba mtu anaweza kujifunza Kiingereza kwa kusoma hadithi fupi: pigia mstari neno usilolijua, litafute kwenye kamusi, kisha litumie kabla wiki haijaisha. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwa mtu aliyeupokea. Wakoli hakuokota maneno, aliokota sentensi nzima nzima, na kwa kuwa wiki haikutakiwa kuisha kabla hazijatumika, alizimwaga popote: harusini, matangani, hata dukani alipotumwa kununua chumvi. Kama sentensi ya wiki hiyo ilihusu meli, basi watu wa Kibomet walisikia habari za meli.

Jioni Nabwile alipokuwa akikamua, Wakoli alisimama kwenye mlango wa zizi, kitabu mkononi, akimkariria ng'ombe. Alikuwa amempa jina la Lorraine, kwa sababu ya msichana fulani katika hadithi aliyekufa kwa kifua kikuu akiwa bado mrembo. Ng'ombe alitafuna na kunya. Nabwile alikaza macho kwenye ndoo asije akasema neno.

Alimdharau mumewe kwa mengi. Alidharau mikono yake laini, tai yake ya kila siku, na jinsi alivyoitikia watu walipomwita Mwalimu ilhali alifundisha muhula mmoja tu katika shule ya chekechea, kisha wakamwomba aache. Lakini Kiingereza chenyewe hakukigusa. Yeye aliachia darasa la sita. Alipomsikia mumewe akisoma ripoti ya kanisa, na wazee wakitikisa vichwa kwa heshima, alijiambia kwamba labda kuna kitu mle ndani, na labda siku moja kitawasaidia. Ilikuwa ndiyo heshima pekee aliyombakishia, na hakutaka kuipoteza.

Januari moja mama yake aliugua, naye akaenda Sirisia kumwangalia. Aliporudi alikuta zizi tupu.

"Ni Kibe," Wakoli alisema kabla mkewe hajatua mzigo. "Nimemwona na macho yangu. Amemtoa Lorraine usiku kwa kamba, nikamwita jina, akaniangalia, akaenda."

Kibe alikuwa jirani yao, mtu wa kununua ng'ombe na kuwapelekea wenye bucha. Polisi walipomfikia hakukana kwamba ng'ombe yuko kwake. Alisema amemnunua. Wakoli mwenyewe ndiye aliyemuuzia jioni ya siku hiyo hiyo, wakapeana mkono, mke akiwa hayupo. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeona lolote. Lilikuwa neno la Kibe dhidi ya neno la Wakoli, na ng'ombe angekwenda na yule ambaye korti ingemwamini.

"Umeandikisha nini kule kituo?" Nabwile aliuliza.

Wakoli alitabasamu, jambo lililomtia mkewe hofu. "Afande alitaka kuandika Kiswahili yake ya pale pale. Nikamwambia lete karatasi, mimi naandika mwenyewe. Mama Wilkista, nimewaandikia Kiingereza hiyo korti haijawahi kuona."

"Bora tu umesema ukweli."

"Ukweli iko ndani," Wakoli alisema.

Siku ya kesi wazee wa kanisa walikuja wote, wakakaa benchi la pili wakiwa na makoti yao, kumsikia Mwalimu. Nabwile alikaa nyuma yao. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, asiye na haraka wala mzaha. Kibe alisema Kiingereza hakijui vizuri, akaomba asomewe kwa Kiswahili. Basi karani wa korti, dada mmoja aitwaye Chelangat, akasimama na karatasi za Wakoli, akaanza kutafsiri.

"Upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma kwa uchungu," Chelangat alisoma. "Mvua ilikuwa ikiyachapa madirisha ya vioo bila huruma. Juu ya mnara wa kanisa, bundi mpweke alilia mara tatu."

Nabwile aligeuka kuangalia kama ni kesi nyingine iliyoingiliana na yao. Madirisha yao yalikuwa ya mbao. Kanisa lao halikuwa na mnara, lilikuwa na bati lililong'oka upande mmoja.

"Nilichukua fanusi yangu, nikashuka ngazi kwa kunyata, moyo ukinidunda. Wanyama walikuwa wakirusha kwato zao kwa hofu. Ndipo radi ilipopasua anga, na katika mwanga wake nikauona uso wa mhalifu, mweupe kama karatasi."

Korti nzima ikaangua kicheko. Kibe, aliyekuwa mweusi tititi, alijishika shavu. Chelangat mwenyewe aliinamisha kichwa, akameza mate, akaendelea, maana zilikuwa zimebaki kurasa mbili na ndani yake mlikuwa na farasi.

Nabwile hakucheka. Alikuwa akisikia kwa mara ya kwanza yale yaliyokuwa yakisemwa zizini mwake miaka yote hiyo. Kumbe ndiyo haya? Kwa ajili ya haya ameamka alfajiri, amebeba maziwa hadi Tuwan kwa miguu, amelipia vitabu? Ile heshima ndogo aliyokuwa amemwekea ilimtoka pale pale, na akaona jinsi ilivyokuwa ya kijinga kuiweka.

Hakimu alivua miwani. "Bwana Wakoli, hii ilikuwa Januari. Trans-Nzoia yote hii ilikuwa imeanika mahindi juani, na mimi nilikuwa nimeanika yangu. Nataka ujibu kwa Kiswahili, polepole. Usiku huo mvua ilinyesha?"

Nabwile alishika ukingo wa benchi. Sema haikunyesha, aliomba moyoni. Sema umepamba, watu wacheke, wamalize kucheka, halafu umwambie huyu mama ulichokiona. Hakimu alikuwa amemfungulia mlango na kumshikia. Ilibaki kupita tu.

Wakoli alimtazama hakimu. Kisha akawatazama wazee kwenye benchi la pili, ambao walikuwa wameacha kucheka na walikuwa wakimngoja. Akanyoosha tai.

"Ilinyesha, Mheshimiwa."

"Na ngazi? Nyumba yako ni ya ghorofa?"

"Kuna ngazi, Mheshimiwa."

"Hakuna!" Nabwile alipiga kelele, akajikuta amesimama. "Hakuna ngazi, hakuna mvua, lakini ng'ombe yangu iliibwa! Si useme tu, Baba Wilkista! Sema vile uliona!"

Askari alimwambia akae. Wakoli hakugeuka. Hakimu alisubiri kidogo, akiwa bado anamtazama Wakoli, kisha akaandika. Alisema korti haina namna ya kujua ni wapi hadithi inakoma na ushahidi unaanza, na kwamba shahidi amepewa nafasi ya kurekebisha akaikataa. Kibe akaachiliwa. Ng'ombe akabaki kwake.

Walitembea hadi Kibomet kwa miguu. Nabwile alitangulia, na njia nzima alisikia viatu vya mumewe nyuma yake. Walipokaribia nyumbani ndipo alipogeuka.

"Niambie kitu moja tu. Ulimwona Kibe ama hukumwona?"

"Nilimwona, haki ya Mungu. Kulikuwa na mwezi unawaka peupe kama mchana. Alikuwa amevaa ile sweta yake ya kijani. Hata ile kamba naijua."

Mwezi, sweta ya kijani, kamba. Maneno machache tu, na ng'ombe angekuwa zizini.

"Sasa si ungeandika hivyo?"

"Hivyo?" Wakoli alisema, na alishangaa kweli kweli. "Lakini Mama Wilkista, hivyo si mtu yeyote anaweza kuandika?"

Nabwile alikuwa na matusi mengi tayari, ya Kibukusu na ya Kiswahili, lakini aliona yote ni makubwa mno kwa mtu mdogo hivyo. Akaingia ndani akawapikia watoto ugali.

Asubuhi yake Wakoli aliketi mezani na tai yake, kitabu kikiwa wazi mbele yake. Nabwile alimwekea kikombe. Wakoli akafunua kikombe, akaona chai ya rangi, nyeusi, haina hata tone.

"Maziwa iko wapi?" akauliza.

"Imebebwa na mvua," Nabwile alisema, akatoka kwenda kutafuta kibarua.