Nilikataliwa Ukweni kwa Makosa ya Kupe

Baba wa mchumba wangu alininyima binti yake kwa makosa ya mtu ambaye hayupo duniani.

Simaanishi kwamba amekufa. Namaanisha hajawahi kuzaliwa.

Tulieni niwasimulie, maana hata mimi mpaka leo nikikumbuka najishika kichwa.

Mimi ni mwigizaji. Kama una televisheni na huoni aibu kucheka peke yako sebuleni, huenda unanijua. Mimi ndiye Kupe wa kile kichekesho kinachoitwa "Mpe Jembe".

Kwa asiyekijua, Kupe ni kijana aliyekwenda kuwasalimia wakwe zake mwisho wa wiki, akanogewa, hakuondoka tena. Anakula, analala, anabadilisha chaneli, anavaa ndala za baba mkwe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kupe alipewa jembe, akaliegemea, akasinzia.

Watu wanampenda sana. Shida ni kwamba hawajui anapoishia yeye na ninapoanzia mimi.

Nikiingia dukani, muuza duka anapaza sauti, "Kupe! Mkwe wako kakutuma tena?" Daktari wa meno naye aliwahi kuniambia, "Achama, bwana Kupe, hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Nilikuwa nacheka nao. Mpaka nilipompata Nesi.

Nesi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na jina hilo anaitwa hata na mama yake mzazi. Tulipokutana hakuwa ananijua kabisa, maana zamu zake hazimpi nafasi ya kukaa mbele ya televisheni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mtu alinitazama bila kusubiri nimchekeshe.

Nikapenda. Tena nikapenda vibaya.

"Twende nyumbani ukawaone wazee," akaniambia siku moja. "Ila baba yangu ni mgumu."

"Mgumu wa namna gani?"

"Alikuwa refa wa mpira."

Amestaafu siku nyingi, lakini mtaa mzima bado unamwita Refa. Wanasema mchezaji akijiangusha ili apewe penalti, mzee huyo alikuwa anamwonyesha kadi huku akimwambia, "Inuka mwanangu, nyasi zina baridi."

Basi nikajiandaa. Jamani, nilijiandaa! Niliazima shati jeupe kwa rafiki yangu, nikalipiga pasi mpaka likalalamika. Nikatunga hotuba. Nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo, salamu, kuketi, kuinama, kila kitu.

Siku ikafika. Mama yake Nesi alifungua mlango, akaniona, akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia jikoni. Nikasikia sufuria linaanguka huko, na kikohozi ambacho kilifanana sana na kicheko.

Refa hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono kifuani, ananitazama.

Nikaketi ukingoni mwa kochi. Nikainamisha kichwa. Nikakutanisha viganja katikati ya magoti, nikatoa sauti ya chini kabisa.

"Baba, mimi ni mtu mdogo mbele yako..."

Nikaenda nayo. Nilisema vizuri, hilo sitaficha. Nilipofika kwenye "nitamtunza kama mboni ya jicho langu", nikanyamaza kidogo, nikameza mate, macho yakalowa.

Refa akauliza, "Umemaliza?"

"Ndiyo, baba."

"Jibu ni hapana. Karibu chai."

Moyo paa!

"Baba, nimekosa nini?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Nesi kama vile mimi ni mto wa kochi. "Huyu namjua. Huyu ni Kupe." Akanyanyuka, akatoka nje kumwagilia maua yake.

Nesi alinisindikiza mpaka getini, analia.

"Nakupenda," akasema, "lakini siwezi kuolewa bila baraka za baba. Usinibembeleze, siwezi."

"Sasa mimi Kupe nimfanye nini? Nimuue?"

Akafuta machozi kwa mkono wa gauni. "Sijui. Muue."

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nililiona la akili kuliko yote niliyowahi kupata.

Studio yetu zamani ilikuwa ghala la magunia. Ndani yake kuna sebule yenye kuta tatu tu, na pale ambapo ungekuwepo ukuta wa nne kuna kamera, na nyuma ya kamera kuna mabenchi ya watazamaji, kwa sababu tunarekodi mbele ya watu na vicheko unavyovisikia ni vya kweli. Kuna ngazi za kwenda ghorofani, lakini ghorofa hakuna. Ukifika juu unasimama kwenye ubao, umeshikilia bomba, unasubiri zamu yako ya kushuka. Friji nayo haina mgongo. Kupe akiifungua kutafuta juisi, seremala wetu anampa kwa nyuma.

Mwandishi wetu ni dada mmoja anayetafuna vifuniko vya kalamu. Nilimkuta mezani kwake, nikamwambia, "Dada yangu, naomba Kupe atubu."

"Atubu nini?"

"Vyote. Aombe radhi, afunge begi, aondoke pale kwa wakwe akapange chumba chake."

Akatema kifuniko. "Halafu sisi tutakula nini?"

Nikamweleza yote, mpaka chozi la Nesi getini. Akaguna. Dada huyu akiandika ni mkali, ila mapenzi ya watu yanamyeyusha.

"Haya. Nitaandika. Wiki inayofuata tutajua namna ya kumrudisha."

"Na hotuba ya kutubu ninayo tayari," nikamwambia kwa haraka. Nikampa ile ile niliyoitoa kwa Refa. Nzuri kama ile ipotee bure?

Mwongozaji alikubali bila vita. Ni bwana ambaye hajawahi kuonekana akicheka, na alisema tu kwamba kulia nako kunatazamwa.

Basi mpango ulikuwa huu: Refa aje akae mabenchini. Anione napakwa poda. Aone friji haina mgongo na ngazi haziendi popote, aelewe kwamba Kupe ni kazi. Halafu amwone Kupe mwenyewe akitubu. Nani angebaki na kinyongo baada ya hapo?

Nesi alimwomba mama yake, mama akamwomba mumewe. Sijui walitumia maneno gani. Nilichojua ni kwamba siku ya kurekodi nilichungulia kutoka juu ya zile ngazi, nikamwona Refa benchi la mbele, na koti lake, mikono kifuani. Mke wake na Nesi walikuwa pembeni yake.

Msimamizi wa jukwaa akainua mkono. Kimya. Akahesabu kwa vidole, akashusha mkono, kamera zikaanza.

Mzee anayeigiza baba mkwe wangu alikuwa anasoma gazeti. Nikashuka na begi. Nikaketi ukingoni mwa kochi. Nikainamisha kichwa, nikakutanisha viganja katikati ya magoti.

Kabla sijafungua mdomo, ghala zima likaangua kicheko.

"Kata!" Mwongozaji akatoka mbele. "Ndugu watazamaji, hapa ni huzuni. Kupe anatubu. Tunaomba msicheke."

Kosa kubwa. Mwambie mtu asicheke uone.

Tukarudia. Nikaketi, nikainama. Watu wakajitahidi kweli, wakabana midomo. Nikasema, "Baba, mimi ni mtu mdogo mbele yako..." Mama mmoja akashindwa, akatoa sauti ya puto linaloishiwa upepo. Wakamfuata wote.

"Kata!"

Mara ya tatu nikaamua kutumia silaha yangu ya mwisho. Nikanyamaza, nikameza mate, nikaacha machozi yashuke. Machozi mazuri, moja moja. Kutoka benchi la nyuma mtu akapiga kelele, "Mzee, shika pochi yako!"

Weee! Watu walilala juu ya mabenchi. Hata yule baba mkwe wa uongo alijificha nyuma ya gazeti, mabega yanacheza.

Na mimi nikiwa nimesimama pale kama mwizi aliyeshikwa, nikamwona Refa ananyanyuka. Akafunga vifungo vya koti. Akaanza kuelekea mlangoni.

Jamani, nilipoteza akili. Nikajua mlango huo akitoka, nimekwisha. Nilitupa begi, nikaruka kutoka jukwaani, nikajikwaa kwenye waya, nikamkimbilia.

"Baba! Baba, subiri!"

Akageuka.

Hotuba yote imefutika.

"Usiondoke," nikasema. "Mimi... sijui niseme nini. Yale ya siku ile nilitunga. Haya ya leo yameandikwa. Sasa hivi sina kitu. Naogopa, baba. Siku ile pia niliogopa. Hata shati halikuwa langu. Mimi sijui kama nitakuwa mume mzuri, nani ajuaye? Ila nikimkosa Nesi nitakuwa nachekesha watu huku, halafu narudi nyumbani nakaa kimya."

Sikulia yale machozi mazuri. Pua ilikuwa inatiririka na sauti inakwaruza kama ya kuku. Mikono sikujua niiweke wapi.

Hakuna aliyecheka.

"Kijana," Refa akasema.

"Naam, baba."

"Mimi nilikuwa nakwenda msalani."

Basi hapo ndipo walipocheka mpaka vumbi likadondoka darini. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi yenyewe ilikuwa saruji.

Lakini Refa hakuondoka. Alinishika bega, tena kwa nguvu.

"Umejua kwa nini watu wanakucheka pale?"

"Hapana, baba."

"Ile namna ya kuketi na kuinama, Kupe aliifanya alipotaka ufunguo wa gari la mkwe wake. Aliifanya alipokula keki ya harusi ya shemeji yake. Alipouza kochi la watu, akaongeza na kumeza mate." Akanitazama machoni. "Siku ile kwangu ukaketi hivyo. Ukainama hivyo. Halafu ukameza mate! Mwanangu, nilikuona unajiangusha sebuleni kwangu mchana kweupe."

Nikabaki nimeachama. Kumbe!

"Baba... kumbe unatutazama?"

Mama yake Nesi akadakia kutoka kwenye benchi, "Anatazama? Anatazama mpaka marudio! Mjukuu akikohoa anatolewa nje!"

Refa akasafisha koo. "Sikukukataa kwa sababu ya Kupe. Kupe nampenda. Kupe ni mwongo na mwenyewe anajua ni mwongo. Nilikukataa kwa sababu ulimtuma yeye aje kukuombea binti, wewe ukabaki huko ulikobaki. Huyu wa leo, mwenye kamasi, ndiyo kwanza namwona. Njoo naye Jumamosi."

Halafu akamgeukia mwongozaji. "Na nyie, mkimtoa Kupe kwenye ile nyumba, mimi nazima televisheni yangu." Akaenda zake msalani.

Mwandishi akabadilisha mwisho pale pale, daftari gotini, kifuniko mdomoni. Kupe anatoka na begi, baba mkwe anaruka kwa furaha sebule nzima, mlango unagongwa. Kupe amesahau chaja. Anaomba akae kidogo tu, simu ipate moto. Ndicho mlichokiona hewani.

Mwongozaji alitaka pia kuweka ile nilipomkimbilia mzee, maana mpiga picha mmoja hakuzima kamera. Nilikataa katakata. Ile haikuwa kazi.

Jumamosi nikaenda. Sikutunga kitu. Nilikaa kwenye kochi, nikaegemea, jasho linanitoka.

"Kwa nini binti yangu?" Refa akauliza.

Nikafikiri. "Nikiwa naye, silazimiki kuchekesha."

Akamtazama Nesi aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, macho yamejaa. Akatazama dirishani kwa muda. Nami nikaona koo la mzee linapanda na kushuka, na yeye hakuwa anaigiza.

"Nesi," akasema, "mwonyeshe mwenzako pa kunawia mikono. Tule."

Hakusema ndiyo. Lakini mmesikia alivyoniita? Mwenzako. Nilinawa mikono muda mrefu sana siku ile, maana sikutaka wayaone machozi yangu.

Ndugu zangu, wengi wetu tukienda kuomba jambo kubwa, iwe mke, iwe kazi, iwe msamaha, tunamtuma mtu aliye bora kuliko sisi akatuombee. Msafi, mpole, mwenye maneno. Akikataliwa huyo, shukuru Mungu. Akikubaliwa, utamwigiza mpaka kufa.