Lundo la Majani Nililolichoma

Harufu ya majani yanayooza kandokando ya maji hunirudisha utotoni kabla sijajua kwamba nimerudi. Si harufu mbaya, ingawa mgeni huweza kukunja pua. Ni harufu ya udongo mbichi, ya mafunjo yaliyokufa na ya matunda ya mkuyu yaliyopasuka, na ndani yake kuna uvuguvugu kama wa maziwa yanayoanza kuganda. Niliizoea nikiwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya sabini, tulipohamishwa kutoka vilimani Kibondo kwenda kuishi pamoja katika kijiji kipya bondeni. Chini ya kijiji palikuwa na ziwa dogo ambalo ramani ya darasani kwetu haikulionesha. Jambo hilo lilinikera sana, maana tulikuwa tukinywa maji yake kila siku.

Tulihama kwa lori. Wengine walibeba milango ya nyumba zao, wengine kuku. Mama yangu alibeba machipukizi matano ya migomba, ameyafunga kwa khanga yake ya pekee isiyokuwa na kiraka. Yalitoka kwenye shamba la baba, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alisema tu kwamba migomba ile ikifa, baba atakuwa amekufa mara ya pili, kisha akaanza kuchimba mashimo. Kiwanja tulichopewa kilikuwa na udongo mwekundu, mgumu, ambao majirani waliutazama na kutupa pole kana kwamba tumefiwa tena. Mama akapanda hivyo hivyo. Msimu wote wa mvua akawa anashuka ziwani na kapu, anarudi na majani makavu na mafunjo yaliyolala, anayarundika nyuma ya nyumba. Hayo ndiyo yangekuwa matandazo yake: mvua zikikatika angeyatandika mashinani, udongo usikauke na machipukizi yavuke kiangazi.

Wanawake wa kijiji walimcheka. Kwetu uwanja uliofagiwa ndio uso wa mwenye nyumba, na mwanamke aliyeacha jani chini mpaka jua likapanda alisemwa njia nzima ya kuteka maji. Sasa huyu alikuwa anayafuata majani huko yaliko na kuyaleta nyumbani kwake! Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na nilikuwa na kiburi kinacholingana na nafasi hiyo, kwa hiyo kila kicheko kilinichoma. Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bitaliho, akatangaza ukaguzi wa usafi. Nyumba safi ingewekewa alama ya chaki mlangoni, na mwenye nyumba chafu jina lake lingesomwa mkutanoni. Siku ya ukaguzi mama alikuwa amekwenda Mabamba kuuza maharage. Nilifagia uwanja, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikalitazama lile lundo lililonizidi kimo, nikalitia moto.

Mama alirudi jioni akakuta chaki mlangoni na majivu nyuma ya nyumba.

"Yustina, majani yangu yako wapi?"

"Nimesafisha, mama. Mzee Bitaliho ametusifu."

Hakunichapa, na hadi leo naona angenichapa ingekuwa nafuu. Alichukua majivu kidogo, akayapuliza kutoka kiganjani, akasema, "Umeyachoma mwenyewe, utayatafuta mwenyewe. Mvua zimebaki wiki mbili." Usiku ule nilisikia kitanda chake kikilia kwa kugeukageuka, nikaelewa nilichokichoma. Nililia mpaka mto ukalowa. Asubuhi nikachukua kapu, kwa kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ziwani nilikuta taabu nyingine: ukingo ulikuwa mtupu. Mama alikuwa ameshaokota ya msimu mzima, na kwa kuwa mvua zilikuwa bado zinanyesha, miti ilikuwa haijaanza kupukutisha majani. Kukimbia ovyo kutoka mti hadi mti kulinichosha siku tatu, nikapata kapu moja tu. Siku ya nne nikatumia ile akili niliyokuwa nikiringia. Niliazima nyungo tatu za mama, nikaweka moja chini ya mkuyu mkubwa unaoinamia maji, moja chini ya miti ya miiba upande wa malisho, ya tatu kwenye mafunjo. Kila jioni baada ya shule nilikwenda kuona kilichoanguka. Ungo wa miiba ulikuwa na vijani ambavyo ungeweza kuvihesabu kwa vidole. Ungo wa mafunjo ulikuwa mtupu, maana funjo hukauka likiwa limesimama na haliachii upesi. Lakini ungo wa mkuyu ulijaa kila siku, mvua ipige isipige, majani mapana na matunda juu yake. Mkuyu ule haukungoja kiangazi. Haba na haba hujaza kibaba, nikawa nakaa chini yake hadi giza kama mtu aliyeajiriwa.

Na wakati nimekaa pale nikaona jambo ambalo hata mama hakuwa amelijua. Majani mengine yalidondokea majini, yakaelea, na upepo wa jioni ukayasukuma yote upande mmoja, kwenye pembe ya ziwa nyuma ya mafunjo. Nilipandisha gauni, nikapita kwenye tope nikiogopa ruba, nikafika. Jamani! Pale palikuwa na majani ya miaka mingi, yamelaliana, meusi, laini, yananukia ile harufu niliyoitaja. Nilipiga kelele peke yangu mpaka ndege wakaruka. Nilirudi nyumbani mbio nikiwa na tope hadi kiunoni, nikamvuta mama mkono. Alipofika alichota konzi moja, akainusa, kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Tukabeba mfululizo siku zote zilizobaki. Mvua ya mwisho iliponyesha, lundo letu lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza, na nusu yake ilikuwa imeshageuka mbolea.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Chipukizi moja lilikufa, manne yakavuka. Mvua ziliporudi yalipanda juu kwa fujo, na mwaka uliofuata mkungu wa kwanza ulikuwa mzito hata ukabidi utegemezwe kwa nguzo mbili. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku moja Mzee Bitaliho akaja, safari hii bila chaki, akasalimia kwa Kiha.

"Mwidiwe, Mama Yustina. Nimekuja kuomba machipukizi mawili."

"Utapata, mzee. Lakini majani ya uwanjani kwako usiyachome tena. Yustina atakuja akuoneshe pa kuyaweka."

Nilikwenda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwelekeza balozi namna ya kutandaza, naye akaitikia "ndiyo" kwa adabu. Sijawahi kupata cheo kikubwa kuliko kile.

Sasa nimestaafu ualimu, naishi Kasulu mjini, na kila asubuhi moshi wa majani unapanda kutoka nyua za majirani zangu. Nimewaambia, wamenicheka, nami nimezoea. Mama ametangulia mbele ya haki. Mwaka jana nilirudi kijijini. Nyumba ni za bati, ziwa limepungua, lakini mkuyu ungali umeinama juu ya maji yake, na migomba, wajukuu wa machipukizi yale manne, iko karibu kila uwanja. Katika uwanja mmoja nilimkuta msichana anafagia. Alipofika mwisho, aliyasukuma majani yote mashinani mwa mgomba, akayakanyaga kwa mguu. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Alinitazama toka viatu hadi kilemba, akaona mgeni wa mjini asiyejua kitu.

"Hakuna aliyenifundisha, bibi," akasema. "Kwani kwenu majani mnayapeleka wapi?"