Mchuzi wa Mama Ouma

Harufu ya aliya ikiiva ndani ya malai haiishii puani, inashuka moja kwa moja mpaka tumboni na kukaa huko kama mwenye nyumba. Aliya ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu, ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani na kumaliziwa kwa moshi wa jikoni mpaka inakuwa ngumu kama mkanda wa askari. Ukitaka kuila unaiosha kwa maji moto, unaichemsha mpaka ikubali, unaikaanga na kitunguu, halafu unaimwagia malai, ule utando mzito wa maziwa yaliyolala, na kuiacha itokote kwa moto mdogo. Hapo majirani wote wanajua ni nyumba gani inakula vizuri. Nilipokuwa msichana pale Kaloleni, Kisumu, miaka ya themanini mwanzoni, nyumba hiyo ilikuwa yetu. Lakini mimi kula nilikuwa sili, labda siku ya mgeni. Mimi nilikuwa nanusa.

Baba yangu alikuwa akikata miwa Muhoroni. Alinipeleka mjini kwa kaka yake mkubwa ili nisome, na mke wa huyo baba mkubwa ndiye Mama Ouma. Mwaka huo malaria ilinipiga vibaya, ikaniacha na miguu kama ya korongo. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Dani, alikuwa ametoka kumzika babu. Fungu lake la nyama ya matanga hakulila hata ukucha. Alilianika lote liwe aliya, na kila alipokuja mjini aliniletea mimi, pamoja na kibuyu cha malai ya ng'ombe wake mwenyewe. "Hii ni ya damu ya mtoto," alikuwa akimwambia Mama Ouma, "nyama imjenge, malai yamnenepeshe." Mama Ouma alipokea kwa mikono miwili huku amepiga goti, ungedhani ni malaika. Sasa sikiliza. Kwa desturi yetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kwa hiyo kila mara Dani alikuja asubuhi, akala chakula cha mchana, akaondoka jua likiwa bado juu. Mchana huo bakuli langu lilijaa nyama. "Kula, mama, kula damu iongezeke," Mama Ouma alinibembeleza, hata shavu akanipapasa. Chakula cha jioni Dani hakuwahi kukiona.

Jioni nyama yote ilikwenda mezani kwa baba mkubwa na wavulana wawili wa Mama Ouma. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Mama Ouma alichukua sufuria iliyokwisha kupakuliwa, akaimiminia maji moto ya birika, akaisukasuka, akanimwagia bakulini maji yale meupe yenye macho mawili matatu ya mafuta. "Nguvu yote ya nyama iko kwenye mchuzi, Nyar Muhoroni," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, msichana wa Muhoroni, kama vile sina jina. "Nyama yenyewe ni makapi tu, ya kuchosha meno." Wavulana walicheka midomo imejaa. "Tunakusaidia kula makapi, dada!" Na mimi mjinga nilimwamini. Nilikunywa mpaka tone la mwisho, nikalamba na bakuli, nikingoja nguvu ije.

Haikuja. Nilianza kuona kizunguzungu nikiimba wimbo wa taifa shuleni, Mama Ouma akaitwa anipeleke zahanati. Nesi alinivuta kope la chini, akachungulia. "Mama, huyu hana damu. Anakula nini?" Mama Ouma akajibu bila kupepesa macho, "Sista, huyu anakula aliya na malai. Hata wangu niliowazaa hawali hivyo." Nesi akashangaa. Akasema nyama nyekundu ndiyo yenye madini ya kutengeneza damu, na mafuta ya malai yanaweka mwili, kwa hiyo kama ninakula hivyo na bado niko hivi, basi nina minyoo. Akanipa dawa ya minyoo. Nikainywa, chungu kama nyongo, na minyoo yenyewe ilikuwa mezani Kaloleni, imevaa sare za shule.

Siku iliyomaliza maneno ilikuwa siku Dani alipokosa gari la jioni. Alikuwa amefika stendi ndipo akakumbuka kibuyu chake. Kibuyu cha maziwa si kitu cha kuacha, hukaa na mama miaka. Akarudi kwa miguu. Sisi tulikuwa tumeshaanza kula. Mama Ouma alikuwa ameinama juu ya bakuli langu na birika mkononi, akisema yale yale, nguvu yote iko kwenye mchuzi, na Dani alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Nilimwona mimi kwanza. Acha aseme mpaka mwisho, niliwaza. Niliona utamu wa jambo hilo hata kabla sijaonja nyama ya jioni hiyo.

Dani hakupiga kelele. Aliingia, akainua sahani ya baba mkubwa, akairudisha nyama kwenye sufuria. Akafanya vivyo hivyo kwa wavulana, mmoja alikuwa ameshika kipande, akamnyang'anya mkononi. Akafunika sufuria, akaifunga kwa leso, akaiweka kichwani. Kibuyu akanipa mimi. Baba mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu, akalalamika, "Mama, sasa sisi tule nini?" Dani akamwangalia Mama Ouma, si mwanawe. "Kunyweni mchuzi. Si nguvu yote iko huko?" Tukatoka. Majirani walikuwa wamesimama vibarazani, na Dani akawasalimia mmoja mmoja, taratibu, ili kila mtu aione ile sufuria. Tulilala Mamboleo kwa dada yake aliyeuza mboga, na hapo, nimekaa juu ya gunia, nikala aliya mpaka taya zikauma.

Sikurudi Kaloleni, tulirudi Muhoroni. Shule yangu iliishia hapo, na hiyo nayo nimeiandika kwenye hesabu ya Mama Ouma. Msimu ule wote wa kuvuna miwa Dani alinilisha nyama na malai kwa mkono wake, na kabla mvua hazijaanza nilikuwa nikikimbiza matrekta ya miwa kuchomoa mabua.

Leo mimi ni bibi. Nina ng'ombe wangu wa maziwa hapa Muhoroni na wajukuu wa kike ambao ukiwasukuma wanakusukuma. Kwangu wasichana hupakuliwa kwanza. Mwezi uliopita wale wavulana, sasa wana vitambi, waliniletea mama yao. Amezeeka, ameparara, hospitali imesema hana damu, na wake zao hawamtaki. Nikasema karibu. Nikapika aliya. Wajukuu wakajaziwa sahani. Kisha nikachukua sufuria, nikaimiminia maji ya birika, nikaisukasuka, nikamwekea bakuli mbele yake.

Aliliangalia muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "hata kipande kimoja?"

"Kwani nguvu iko wapi, Mama Ouma?"

Wajukuu waliacha kutafuna. Akainamisha kichwa. "Iko kwenye nyama."

"Sema wasikie."

"Iko kwenye nyama!"

Ndipo nikampakulia, nyama nyingi, nimeitwanga kwa kinu kwa sababu hana meno, na malai juu yake. Anakula hivyo kila siku na kope zake zimeanza kuwa nyekundu. Akina mama wa kanisa wananisifu kwamba nimesamehe. Sijasamehe. Kila jioni kabla sijampa sahani namuuliza nguvu iko wapi, na kila jioni ananijibu.