Nyekundu ya Kisima cha Tatu

Tangu ardhi ya Kutch, huko India, itetemeke, mto ulikuwa umezama mchangani, na visima viwili vilivyochimbwa baadaye vilitoa maji yenye chuma, yanayoitia weusi kila rangi nyekundu. Jusab alikijua chuma. Maisha yake yote alikuwa akiloweka misumari na vyuma chakavu kwenye pipa la sukari guru, apate weusi wa kuchapia mistari ya nguo. Sasa nchi yenyewe ilikuwa imegeuka pipa.

Wachapaji nguo wenzake walikwisha kuhamia kiwanja kipya, mbali. Yeye alibaki kwa ajili ya mkewe, Hurbai, na Hurbai alibaki kwa ajili ya Romat, binti yao, aliyeangukiwa na paa siku ya tetemeko na kuzikwa nyuma ya msikiti. Walikuwa wamepatana: kisima cha tatu kikitoa maji ya kutia nguo nyekundu, watakaa. Kikishindwa, watahama.

Asubuhi hiyo Siddik, kaka yake Jusab, alifika na gari la ngamia, tupu.

"Umekuja kuona rangi au kupakia vitanda?" Jusab akamuuliza.

"Nimekuja kunywa chai ya shemeji. Mke wangu anachemsha maji matupu, ananiambia ni chai."

Hurbai hakucheka. Alikuwa akichochea kuni za miiba chini ya sufuria la shaba, ambamo nguo iliyochapwa shabu, dawa ya kushikisha rangi, ilichemka pamoja na mizizi ya rangi katika maji ya kisima cha tatu. Jusab akaingiza fimbo, akaiopoa nguo.

Ilitoka nyekundu kama punje za komamanga.

"Haya, Siddik!" Hurbai akapiga kelele. "Geuza ngamia wako!"

"Shemeji, nguo bado mbichi hiyo."

"Mbichi wewe!"

 Nguo mbichi humwambia mtu lolote analotaka kusikia. Jusab akaitandaza mchangani, wakakaa kunywa chai, na hakuna aliyeonja ladha yake. Pindo likatangulia kukauka. Wekundu ukafifia, ukawa hudhurungi, kisha ukawa rangi ya ini. Giza lile likatambaa kuelekea katikati, polepole, bila huruma.

Siddik akaweka kikombe chini. Akaingia ndani, akatoka amebeba kitanda cha kwanza.

Hurbai akanyanyuka, akachota ndoo ya kisima kilekile, akaimwagia nguo. Wekundu ukarudi.

"Unaona? Upo! Jua tu ndilo linalouonea."

"Mama Romat..." Jusab akaanza.

"Usiniite hivyo halafu unihamishe."

Jua likaikausha tena. Akamwaga tena. Jusab alijua kwamba kila ndoo inazidi kuinywesha nguo chuma, kwamba kila wekundu unaorudi unarudi na weusi zaidi. Alitaka kumshika mkono. Mkono wake mwenyewe haukuinuka.

"Maji yamekwisha," Hurbai akasema, macho hayabanduki kwenye nguo. "Baba Romat, niletee mengine."

Jusab akaiokota ndoo, akapishana na Siddik aliyebeba godoro, akaenda kisimani.