Leseni Iliyofunikwa na Kalenda

Juzi kwenye duka la dawa hapa Omurushaka, mkaguzi mwenye mvi alikuwa akimgombeza muuzaji kwa kufunika leseni ya duka kwa kalenda. Mama mmoja kutoka Kibingo akatoa kadi ya bima, achukue dawa ya presha aliyoandikiwa. Muuzaji akatazama kompyuta.

“Wamekataa, mama. Wanasema utumie ile ya zamani.”

“Iliyonivimbisha miguu? Nani kakataa?”

“Kampuni inayoamua bima ilipie dawa gani.”

Mama akamgeukia mkaguzi, akapiga goti kama desturi ya huku. “Shikamoo, mzee. Leseni ya hao imetundikwa wapi?”

“Marahaba. Hao hawanihusu.”

Aliyemnyima dawa hatumjui, lakini leseni ya aliyetaka kumpa sasa inaonekana vizuri.