Fataki Ndani ya Makayabu

Kila nikipita sokoni hapa Kamina, pale wanapouza makayabu, wale samaki wakavu waliojaa chumvi, miguu yangu hukaza mwendo yenyewe. Wenzangu hudhani naona kinyaa. Sivyo, msomaji wangu. Harufu ile hunirudisha kwenye kaburi la babu.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mwalimu wa shule, na starehe yake ilikuwa kutengeneza fataki. Ngoja nikueleze, maana si wote mmeona gobori. Ni bunduki ya zamani, inayoshindiliwa baruti kupitia mdomoni. Nyundo yake hugonga kikofia kidogo cha shaba chenye unga wa kulipuka ndani, na kikofia hutoa cheche inayowasha baruti. Kikofia hicho ndicho fataki. Gobori lilikuwa la Nkambo, baba yake Tata, mwindaji wa Kabongo. Fataki za dukani zilipokoma kuletwa, Nkambo alituma neno: "Bunduki bila fataki iko fimbo ya kufukuza kuku."

Basi Jumamosi, nikishamaliza kufua, Tata aliketi uani na vipande vyake vya shaba, mimi nikimshikia koleo, naye akinifafanulia kila kitu kana kwamba mimi peke yangu ni darasa zima. Siku aliyojaribu moja, ililia paa! Kuku wakatawanyika.

"Mwalimu!" mama alipiga kelele toka jikoni. "Weye utaamusha bantu balishakufa!"

"Njo kazi yake," Tata alijibu, akicheka.

Alisema kweli, ndiyo kazi ya fataki. Kwetu mwindaji hazikwi kimya. Mwanawe hupiga bunduki yake kaburini ili njia ifunguke; asipopigiwa, wazee walisema, hubaki mlangoni, haingii wala hatoki. Na Nkambo alikuwa amemwambia Tata mbele ya ndugu zake wote: "Siku yangu, weye njo utapiga."

Habari ya msiba ilipofika, tulipanda gari moshi. Askari walikuwa wakipekua mizigo, na fataki zingetutia mashakani. Tata akakizika kikopo chake cha fataki katikati ya kapu la makayabu tuliyowapelekea waombolezaji.

"Hakuna askari ataingiza mukono mule," alisema.

Na kweli hakuna aliyeuingiza. Lakini mvua ilinyesha, gari likakwama njiani, na samaki wakaanza kutoa jasho.

Kaburini Tata alifungua kikopo, akakinusa. Kisha akaweka fataki. Nyundo ikashuka: ta. Akaweka nyingine: ta.

"Mwalimu, bunduki iko nakohoa?" aliuliza baba mkubwa, kaka yake. Watu wakacheka, kile kicheko kifupi cha msibani. Nyundo ikashuka tena, na tena, na hakuna aliyecheka. "Sasa tunamuzika baba sawa mbuzi?" baba mkubwa akasema.

Tata aliendelea mpaka kikopo kikawa kitupu. Ndipo udongo ukamwagwa. Baba mkubwa akamtupia gobori miguuni: "Beba fimbo yako."

Katika safari ya kurudi alinieleza jambo moja tu. "Chumvi inaita maji, mwanangu. Hata ya mu hewa." Shaba hakuigusa tena. Ndugu zake hawakumwita tena, si arusini, si msibani, na siku tuliyomzika yeye hakuna aliyetoka Kabongo.

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba pale kaburini Tata alikuwa anatafuta fataki moja nzima. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kule kunusa. Alikwisha kujua kwamba zote zimelowa. Mtu aliyetueleza kila kitu hakueleza lolote siku ile, kwa sababu maadamu kikopo kilikuwa na kitu ndani, baba yake alikuwa bado hajazikwa kimya. Kila "ta" ilimnunulia pumzi moja tu.

Gobori liko kwangu sasa, limeota kutu nyuma ya kabati. Juzi nimemkuta binti yangu uani amelishika kwa mtutu, anafukuzia kuku.